Ramli ya Waandishi na Kura za Katikati ya Muhula

Katika kiangazi cha mwaka 1858, Rais James Buchanan akiwa anakaribia nusu ya muhula wake, Abraham Lincoln na Stephen Douglas walizunguka katika miji saba ya jimbo la Illinois, kuanzia Ottawa mwezi wa Agosti hadi Alton mwezi wa Oktoba, wakijadiliana mbele ya halaiki ya watu juu ya utumwa na haki ya kuueneza katika nchi mpya za magharibi. Magazeti mawili ya Chicago, Press and Tribune lililokuwa upande wa Lincoln na Times lililokuwa upande wa Douglas, yalipeleka waandishi wa hati mkato wayanase maneno ya wasemaji kama yalivyotoka vinywani mwao. Ufundi huo ulikuwa mgeni kwa zama zile, na haukukosa ila: gazeti la Lincoln lilizinyoosha sentensi za Lincoln na kuziacha za Douglas na makwaruzo yake, nalo gazeti la Douglas likafanya vivyo hivyo kwa upande wake, hata msomaji aliyenunua moja tu akaamini kwamba mmoja wa mabwana wale alijaliwa ufasaha na mwenziwe alikuwa na kigugumizi. Hata hivyo hotuba zilichapwa zote, safu kwa safu. Na Lincoln, aliyekosa kiti cha Seneti kwa kuwa wakati ule maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo na bunge la Illinois lilimrudisha Douglas, alizikata kurasa zile, akazihifadhi katika daftari, na mwaka 1860 zikatolewa kuwa kitabu.

Nimeitanguliza habari hii kongwe si kwa kuwaonea fahari watu wa kale, maana upendeleo ni upendeleo hata ukivaa kilemba cha tarehe, bali kwa sababu mkulima wa Illinois aliyesoma gazeti lenye chuki ya wazi dhidi ya mmoja wa wagombea wale alilala usiku ule akijua kila mmoja wao angeufanyia nini utumwa lau angepewa kiti, na kama alishuku kwamba amepotoshwa, dawa yake ilikuwa kulitafuta gazeti la pili. Mwandishi wa leo ametakaswa na chuki ile, au walau anajitahidi kutakasika, na hilo ni jambo la kushukuriwa; lakini anapouandika uchaguzi wa katikati ya muhula wa Marekani, aghalabu hutuambia nani anaongoza, kwa asilimia ngapi, na nani atakuwa ameshinda wiki tatu zijazo, akatuacha hatujui huyo anayeongoza ni mtu gani wala ataifanyia nini kamati atakayokalia. Upungufu huu wa pili hauponyeki kwa kununua gazeti jingine, kwa kuwa gazeti jingine nalo limeandika yale yale.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna uchaguzi wa namna hii. Mkenya na Mtanzania humchagua rais na mbunge siku moja, na baina ya uchaguzi mkuu na mwingine huwapo chaguzi ndogo tu za kujaza kiti cha marehemu au cha mtu aliyevuliwa. Katiba ya Marekani imetenganisha miadi: mjumbe wa Baraza la Wawakilishi hukaa miaka miwili, rais minne, seneta sita, kwa hiyo rais anapofika katikati ya safari yake, Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi hugombewa, pamoja na takriban thuluthi ya viti 100 vya Seneti, magavana wa majimbo 36, na mabunge ya majimbo, na waendesha mashtaka, hata wajumbe wa kamati za shule. Jina la rais halimo katika karatasi yoyote ya kura. Na hapa ndipo penye mtihani wa mwanahabari, maana amekabidhiwa mamia ya mashindano yasiyofanana, kila moja na udongo wake na ugomvi wake, na mhariri anamtaka ayageuze yote kuwa kisa kimoja chenye kichwa kimoja cha habari kabla ya mitambo kuanza kuchapa. Kisa kilichochaguliwa tangu zamani ni hukumu ya taifa juu ya mtu ambaye hagombei.

Insafu yataka niseme kwamba kisa hicho hakikutungwa hewani. Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, chama cha rais kimepoteza viti vya Baraza la Wawakilishi karibu katika kila uchaguzi wa katikati ya muhula, na miaka ambayo kanuni hiyo ilivunjika waziwazi, yaani 1934, 1998 na 2002, hukaririwa na wachambuzi kama watoto wanavyokariri sura fupi. Mwaka 1894, baada ya mtafaruku wa mabenki ulioanza mwaka uliotangulia, chama cha Democrat kilipoteza viti zaidi ya mia moja. Mwaka 1974, baada ya kashfa ya Watergate na msamaha ambao Gerald Ford alimpa Richard Nixon mwezi wa Septemba, Warepublican walipoteza karibu viti hamsini. Na mwaka 2010 chama cha Barack Obama kilipoteza viti 63. Wanazuoni nao wameieleza sababu yake: Angus Campbell aliandika mwaka 1960 kwamba mwaka wa urais huwavuta vituoni watu wasioshughulika sana na siasa, na miaka miwili baadaye watu hao hubaki majumbani, na Edward Tufte akaonyesha mwaka 1975 kwamba ukubwa wa hasara hufuata kadiri rais anavyopendwa na kadiri mifuko ya watu ilivyo.

Lakini angalia matokeo ya elimu hiyo. Ikiwa mwelekeo wa jumla unajulikana tangu mwaka mmoja kabla, basi yasiyojulikana, na kwa hiyo yanayostahili kutafutwa na mtu alipwaye kutafuta habari, ni yale ya mahali: wilaya ipi itakwenda kinyume, kwa nini, na mtu gani atatokea huko. Waandishi wamefanya kinyume chake. Wameichukua sehemu inayojulikana, wakaijengea meza ndefu ya kioo na ramani za rangi, wakaiita uchambuzi.

Nitatoa mfano wa usiku wa aina mbili. Tarehe 6 Novemba 2018, saa za mwanzo za kuhesabu kura, baadhi ya wachambuzi wa televisheni walikwisha kutangaza kwa huzuni au kwa furaha kwamba lile wimbi la buluu la Wademocrat lililoahidiwa halikuja, kwa kuwa majimbo yaliyohesabu mapema yalikuwa yamewapa Warepublican matumaini. Kisha zikafuata wiki za California, ambayo huhesabu taratibu kura zinazoletwa kwa posta, na viti vikaendelea kuanguka kimoja kimoja hata Wademocrat wakapata nyongeza ya viti arubaini, ambayo ni mavuno makubwa kwa kipimo chochote. Miaka minne baadaye, tarehe 8 Novemba 2022, mambo yalipinduka. Florida, jimbo ambalo sheria yake huruhusu kura za posta zishughulikiwe kabla ya siku yenyewe na kwa hiyo hutoa hesabu upesi, ilimrudisha gavana Ron DeSantis kwa tofauti ya karibu pointi kumi na tisa, na kwa muda wa saa moja au mbili wimbi jekundu la Warepublican lilikuwa limefika, limetangazwa na kupewa maelezo. Halikufika kwingi kwingine. Seneti ilibaki mikononi mwa Wademocrat, nao wakaongeza kiti kimoja baada ya duru ya pili ya Georgia tarehe 6 Desemba; na Warepublican walilitwaa Baraza la Wawakilishi kwa viti 222 dhidi ya 213, wingi ambao shirika la habari la Associated Press halikuweza kuuthibitisha mpaka siku ya nane baada ya kura. Mchambuzi wa usiku ule alikuwa kama baharia anayeisimulia bahari nzima kwa kutazama povu la ufuko mmoja.

Wengi husema kwamba mwaka ule walioshindwa ni wapima maoni, na usemi huo ni wa kuwaonea. Tovuti ya FiveThirtyEight, iliyoanzishwa na Nate Silver mwaka 2008 na kufungwa mwezi wa Machi 2025, ilipokagua kura za maoni baada ya uchaguzi ilikuta kwamba za mwaka 2022 zilikuwa miongoni mwa zilizokaribia ukweli zaidi tangu mwaka 1998. Hesabu zilikuwapo, tena zilikuwa njema: zilisema mashindano ni ya karibu. Waliozikataa ni wenye kuzisoma. Walikuwa wameumwa na nyoka mwaka 2016, wakaumwa tena mwaka 2020, kura za maoni zilipompunja Donald Trump mara zote mbili. Kwa hiyo mwaka 2022 kila walipoona Mdemocrat anaongoza kwa pointi mbili walimwondolea tatu kwa nyoyo zao, na makampuni ya upande mmoja yalipomwaga kura zake za maoni katika wiki za mwisho yakakuta mlango uko wazi. Fauka ya hayo, dalili za mahali zilikwisha kujitokeza hadharani. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeiondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba tarehe 24 Juni. Na tarehe 2 Agosti watu wa Kansas, jimbo ambalo hakuna mtu anayelidhania kuwa ngome ya mrengo wa kushoto, waliulizwa kama waiondoe haki hiyo katika katiba ya jimbo lao, na asilimia 59 hivi wakakataa. Habari hiyo iliandikwa, ikashangaza kwa wiki chache, kisha Oktoba ilipoingia na bei za petroli na chakula zikizungumzwa kila jikoni, ikazikwa chini ya kanuni kwamba chama cha rais hupoteza.

Kuna jambo linalonikera kuliko ubashiri, nalo ni tafsiri ya asubuhi inayofuata. Ubashiri ukikosea hukanushwa na hesabu ndani ya siku chache, na mwenye haya huona haya. Ama tafsiri, hiyo haina wa kuikanusha mpaka miaka miwili ipite, na ikipita hakuna anayelikumbuka gazeti la zamani. Mwaka 1946 Warepublican walipozitwaa nyumba zote mbili za Kongresi, Harry Truman alihesabiwa kuwa amekwisha, hata Seneta William Fulbright wa Arkansas, mtu wa chama chake mwenyewe, akashauri rais ajiuzulu. Truman alishinda mwaka 1948. Mwaka 1994 Mrepublican Newt Gingrich aliongoza kishindo cha viti 54 kilichomwangusha hata Spika Tom Foley katika wilaya yake ya uchaguzi huko mashariki mwa jimbo la Washington, na wachambuzi wakakubaliana kwamba wanaume weupe wenye hasira wameifunga sura ya Bill Clinton, ambaye mwezi wa Aprili 1995 alifika mahali pa kuwakumbusha wanahabari kwamba Katiba bado inampa rais umuhimu wake. Clinton alishinda mwaka 1996. Obama, baada ya kipigo cha 2010, alishinda mwaka 2012. Na baada ya wimbi la 2022 kukosekana, simulizi ya siku zile ilikuwa kwamba Trump amekuwa mzigo kwa chama chake na kwamba mrithi ni DeSantis, na ukurasa wa mbele wa New York Post ukampamba gavana huyo kuwa ndiye mustakabali. DeSantis alijitoa Januari 2024 baada ya jimbo moja tu kupiga kura, naye Trump akarudi Ikulu ya Marekani.

Makosa haya yana asili moja, nayo si ujinga. Mwaka 2014 waliopiga kura walikuwa kiasi cha asilimia 36 ya wenye haki hiyo, ilhali miaka miwili nyuma yake walikuwa takriban 58. Hata mwaka 2018, uliovunja rekodi ya zaidi ya miaka mia moja, walifika nusu tu. Hao ni makundi mawili ya watu. Mwandishi anayesema kwamba taifa limebadili nia baina ya 2012 na 2014 anawalinganisha mahujaji na waliobaki mjini, kisha anastaajabu kwamba hawavai sawasawa. Na kwa kuwa hana njia ya kuwahoji waliokaa kimya, hukimbilia kuwahoji washauri wa vyama, ambao wana lugha tayari, simu zao zi wazi usiku kucha, na kila mmoja wao ana haja ya kueleza ushindi kwa namna itakayompatia kazi mwaka ujao.

Mara moja tu katika zama zetu bahati mbaya ya mashine iliwalazimisha wachambuzi wanyamaze. Mashirika makubwa ya televisheni na Associated Press yalikuwa yameunda kampuni moja ya kuwahoji wapiga kura wanapotoka vituoni, iliyoitwa Voter News Service, ambayo ilikwisha kuaibika Florida mwaka 2000. Tarehe 5 Novemba 2002 mitambo yake mipya ilishindwa kuyasarifu majibu, na kampuni ikatangaza kwamba haiyaamini na haitayatoa. Ulikuwa usiku wa maana: mwaka mmoja na karibu miezi miwili baada ya mashambulizi ya Septemba 11, chama cha rais kiliongeza viti na kuitwaa Seneti kinyume cha kanuni. Na meza zilizozoea kusema, saa tatu usiku, kwamba akina mama wa vitongojini wameamua hivi na wazee wamechagua vile kwa sababu hii, zilikuwa na hesabu ya kura tu. Zikasema nani amepata ngapi, na wapi. Mimi naona ule ndio usiku ambao habari ilikuwa safi kuliko nyingine zote zilizoizunguka, na kwamba kasoro ile ilikuwa neema. Mashirika hayakuona hivyo, yakaivunja kampuni Januari 2003 na kuajiri nyingine.

Upande wa kuhesabu, sifa ziende kwa wanaostahili. Msomaji wa Nairobi aliyezoea kumngoja mwenyekiti wa tume atoke Bomas, au wa Dar es Salaam anayeisubiri Tume ya Uchaguzi, huenda akashangaa kusikia kwamba Marekani haina tume ya taifa inayotangaza mshindi usiku wa kura. Ina kaunti zaidi ya elfu tatu, kila moja na karani wake, na matokeo rasmi huja wiki kadhaa baadaye. Pengo hilo limezibwa na Associated Press tangu mwaka 1848, kwa utaratibu ambao kiini chake hakijabadilika sana: vibarua wapatao maelfu hupelekwa katika ofisi za kaunti, wakaulizia hesabu kwa makarani, wakazisoma kwa simu kwa wenzao wanaozikagua, na mshindi hatangazwi mpaka ithibati ionyeshe kwamba aliye nyuma hana njia ya kumfikia. Kazi hii haina mbwembwe. Wala haikosi kosa, kwa kuwa mwaka 2018 shirika lilimtangaza mshindi katika wilaya ya 9 ya North Carolina, palipokuwa na tofauti ya kura 905, na mwishoni mwa Novemba likalirudisha nyuma tangazo lake kwa sababu kura za posta za kaunti ya Bladen zilikuwa na harufu mbaya. Zilikuwa zimekusanywa majumbani na watu waliolipwa, jambo ambalo sheria ya jimbo inalikataza. Mmoja wa waliolifichua alikuwa mwandishi wa kituo cha televisheni cha Charlotte aliyekwenda Bladen akagonga milango ya watu ambao majina yao yalikuwa katika bahasha. Na bodi ya uchaguzi ya jimbo ilikataa kuyathibitisha matokeo, kiti kikakaa kitupu hadi uchaguzi ulipofanywa upya Septemba 2019.

Kugonga milango kulikuwa na bingwa wake. Samuel Lubell, mzaliwa wa Poland aliyekulia New York na kutoa kitabu chake maarufu juu ya siasa za Marekani mwaka 1952, alikuwa na desturi ya kuketi na matokeo ya kura ya miaka mingi nyuma, kata kwa kata, akiitafuta ile iliyogeuka ghafla. Akiipata hubeba daftari lake akaenda huko, akabisha hodi nyumba hadi nyumba, akawauliza watu walimpigia nani zamani, watampigia nani sasa, na kimetokea nini katikati. Hakuanza kwa kuuliza nani atashinda. David Broder wa Washington Post, aliyekuja baada yake, alifuata mwendo huo mpaka uzeeni. Ubashiri wa watu hawa ulisadifu mara nyingi, lakini huo ulikuwa nyongeza. Jambo walilolileta mjini ni maneno ya watu ambao mhariri hakuwajua.

Leo nani atagonga? Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Northwestern ulionyesha mwaka 2022 kwamba Marekani ilikuwa imepoteza magazeti takriban 2,500 tangu mwaka 2005, zaidi ya robo ya yote, na mengi yao ni ya kila wiki katika miji midogo. Wanazuoni Danny Hayes na Jennifer Lawless, waliozichunguza habari za mashindano ya Baraza la Wawakilishi katika magazeti ya mahali kwa uchaguzi wa 2010 na wa 2014, walikuta kwamba habari zilipopungua, ujuzi wa raia juu ya wagombea wao ulipungua pamoja nazo. Kumbe ule uchambuzi wa kitaifa umekalia kiti kilichoachwa wazi. Kumlipa mtu mmoja akae mezani na kulisoma jedwali la asilimia ni rahisi. Kumlipa akae miezi mitatu katika wilaya ambayo pengine haitabadili mshindi ni gharama ambayo hakuna mwenye gazeti anayetaka kuieleza kwa wenye hisa.

Gharama ya kutomlipa ilionekana katika wilaya ya 3 ya New York. George Santos aligombea huko mwaka 2022 akijinadi kwamba amesoma Baruch College na kufanya kazi Goldman Sachs na Citigroup. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Wilaya hiyo haiko msituni. Iko Long Island na pembeni mwa Queens, mwendo mfupi wa treni kutoka katika makao ya magazeti makubwa kabisa ya dunia, na ilikuwa katika orodha ya viti vinavyotazamwa na kila mchambuzi. Uwezekano wake wa kushinda ulipimwa, ukachorewa rangi, ukasahihishwa kila wiki. Aliyeuliza mali yake imetoka wapi, hali miaka miwili iliyotangulia alikuwa ametaja kwamba karibu hana kitu na sasa anataja mamilioni ya dola, ni The North Shore Leader, gazeti dogo la kila wiki, mwezi wa Septemba kabla ya kura, tena gazeti lenye mwenyewe Mrepublican. Sauti yake haikuvuka mtaa. New York Times lilichapa uchunguzi wake tarehe 19 Desemba, wiki sita baada ya watu kupiga kura, na uchunguzi huo ulikuwa bora, nami sina neno dhidi ya waliouandika. Lakini Santos alikwisha kushinda, akapiga kura yake katika duru zote kumi na tano za kumchagua Spika Kevin McCarthy, akaapishwa, na kukaa Kongresi mpaka wenziwe walipomfukuza tarehe 1 Desemba 2023.

Yatupasa sisi tunaozipokea habari hizi kwa Kiswahili tujitazame pia, maana idhaa na magazeti yetu huyachukua mawimbi yale mekundu na ya buluu yakiwa yamefungwa tayari, tukayatangaza Mombasa na Bukavu kana kwamba ni hali ya hewa, bila kuuliza ni sehemu ipi ya uchaguzi ule inamgusa mtu wa huku. Iko. Mpango wa dharura wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003 na unaogharimia dawa za kufubaza virusi kwa watu wengi mno wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, ulikuwa ukiidhinishwa upya na Kongresi kila baada ya miaka mitano, na vyama vyote viwili vikikubaliana. Idhini ya mwaka 2018 ililetwa na Chris Smith, mjumbe wa New Jersey. Ule wingi mwembamba wa viti uliopatikana Novemba 2022 ulimfanya Smith kuwa mwenyekiti wa kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi inayosimamia afya ya dunia, na katikati ya mwaka 2023 mtu huyo huyo aliipinga idhini mpya ya miaka mitano, akisema kwamba fedha zinapitia kwa mashirika yanayotetea utoaji mimba, madai ambayo serikali ya Biden iliyakanusha. Tarehe 30 Septemba 2023 muda wa idhini ulipita bila kuhuishwa. Fedha ziliendelea kutolewa kupitia bajeti, lakini nyongeza iliyopatikana Machi 2024 ilikuwa ya kufikia tarehe 25 Machi 2025 tu, mwaka mmoja badala ya mitano. Na katika uchambuzi wote nilioupata kuusikia Novemba 2022, wa kwao na wa kwetu, juu ya nani ameinuka na nani ameanguka, sikumbuki mtu aliyeitaja kamati ile hata kwa jina.